Kabla Hujanunua Betri Mpya ya Skuta, Finya Tairi Kwanza

Nikuulize swali, na ujibu bila kudanganya maana hakuna anayekuona. Hiyo skuta yako ya umeme iliyoegemea ukuta hapo kwa korido, ina chaji asilimia ngapi? Najua unajua. Uliangalia asubuhi kabla ya kutoka, ukaangalia ulipofika, na utaangalia tena kabla ya kurudi. Haya, na matairi yake yana upepo kiasi gani?

Kimya, sivyo? Usione haya. Hata mimi nilikaa na yangu miezi saba bila kujua, na ujinga huo ulinigharimu doo ambazo sikuwa nazo. Ulimgharimu mtu mwingine zaidi yangu, na nitafika hapo.

Skuta yangu niliinunua mtumba kwa elfu kumi na nane, kwa jamaa aliyekuwa anahama Nairobi. Chuo nilikuwa nimeachana nacho mwaka wa pili karo ilipokataa kata kata, na nilikuwa nimepata kibarua katika duka la kuchapisha kadi na mabango huko tao. Kutoka keja yangu Umoja mpaka kazini ni kama kilomita 10. Nauli ilikuwa inanikula shilingi 160 kwa siku, na siku ya mvua unajua vile makanga hubadilisha bei ukiwa umeshaweka mguu mmoja ndani. Nilipiga hesabu nikaona kwa miezi mitano skuta itakuwa imejilipa.

Mwanzoni mambo yalikuwa fiti. Chaji moja ilinipeleka tao na kunirudisha, na bado nikabaki na kidogo cha kufika dukani jioni. Halafu mos mos ikaanza kuchoka. Nikawa nafika Mutindwa ikiwa kwa mstari wa mwisho. Baadaye ikawa inazima Makadara. Mwishowe ikawa inanizimia pale Hamza, na kutoka Hamza nasukuma kilo kumi na mbili za chuma kando ya Jogoo Road, matatu zikinipita, watu wakichungulia dirishani kama wanaotazama msiba.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja tao. Aliishika, akaiwasha, akaizima, kazi ya dakika mbili. Akaniambia betri imezeeka, mpya ni elfu kumi na moja pamoja na kuiweka. Sikubishana. Mtu akikuambia betri imekufa utamwambia nini? Betri ndiyo kitu tunachokijua, simu zimetufundisha hivyo. Kitu kikiisha chaji mapema, ni betri. Nikaanza kuweka kando mia mbili leo, mia kesho.

Hapo katikati binamu yangu akaniomba skuta afike nayo Tena, kwa mteja. Yeye ni msusi, anafuata wateja manyumbani. Mvua ilikuwa imenyesha mchana. Kwenye kona, gurudumu la mbele likamtoroka. Aliweka mkono chini kama vile mtu yeyote angefanya, na kifundo cha mkono kikavunjika. Mkono wa kulia. Wiki sita za plasta, na baada ya plasta vidole vilivyosahau kushika uzi. Elfu sita na mia nne zangu za betri ziliishia hospitalini, na hazikutosha.

Sote tulilaumu mvua. Nilipeleka skuta kwa mzee mmoja wa baiskeli hapa mtaani, anyooshe usukani tu. Mzee hakuanza na usukani. Aliinama, akafinya tairi la mbele kwa kidole gumba, kisha la nyuma, akaniangalia.

"Kijana, hii ulikuwa unaendesha ama ulikuwa unaburuta?"

Alitoa geji yake, ya chuma, kioo kimekwaruzika mpaka usome kwa kuinamisha kichwa. Mbele psi 16. Nyuma 19. Akanionyesha maandishi madogo ubavuni mwa tairi, ambayo sikuwahi kuyasoma hata siku moja: mwisho ni psi 50. Akajaza mpaka 45, akanidai mbao kwa upepo na mia moja kwa usukani.

Jumatatu nilienda tao na kurudi. Nilifika Umoja na mistari miwili ya chaji imebaki. Betri ni ile ile iliyokuwa imetangazwa marehemu.

Sasa, siwezi kuapa kortini kwamba ni upepo uliomwangusha binamu yangu. Lami ilikuwa na maji, kona ilikuwa kali, na yeye hakuwa ameizoea skuta. Ninachojua ni kwamba nilimpa chombo chenye tairi la mbele likiwa na theluthi moja tu ya presha lililohitaji, na nilimwambia "enda tu, iko sawa".

Ndiyo maana naandika haya, na msimamo wangu ni huu: kwenye hizi skuta ndogo za umeme, tairi legevu linaua chaji na linaangusha watu, na hakuna mtu yeyote kwenye mnyororo wa kuuza na kukarabati anayetuambia. Muuzaji hasemi, fundi hapimi, nasi hatuulizi.

Hebu tuelewane kwanza kwa nini upepo unakula betri, maana ukishaelewa hutasahau. Kumbuka ile Black Mamba ya babu ushago. Ikiwa na upepo mzuri unaikanyaga unasikia inateleza yenyewe. Upepo ukipungua, barabara ile ile, miguu ile ile, unafika umelowa jasho. Kilichobadilika ni tairi. Kila sehemu ya tairi inapofika chini hubonyea, ikiondoka hujirudisha. Mpira haurudishi nguvu yote uliyoutia. Sehemu fulani inageuka joto na kupotea. Tairi likiwa legevu linabonyea zaidi, na hilo linatokea kila linapozunguka, maelfu ya mara kati ya Umoja na tao. Kwa Black Mamba ni miguu yako iliyolipa. Kwa skuta ni betri. Mota haina mdomo wa kulalamika, inavuta umeme mwingi zaidi tu ili ikupe mwendo ule ule, nawe unaona mistari ikishuka unasema betri imezeeka.

Kuna hesabu moja ya sekondari ambayo mwalimu wetu wa fizikia aliirudia mpaka tukamchoka, na leo namshukuru. Presha ni uzito ukigawanywa kwa eneo. Chukua mtu wa kilo 70 juu ya skuta ya kilo 13. Jumla 83. Kwa psi 45, eneo lote la mpira linalobeba uzito huo barabarani ni takriban sentimita mraba 26, yaani 13 kwa kila gurudumu. Ni dogo kuliko ubapa wa kiberiti. Shusha presha mpaka 20 na eneo hilo linazidi mara mbili. Utafikiri ni vizuri, mpira mwingi zaidi unashika barabara. Shida ni kwamba mpira huo haujatulia. Kuta za tairi zinajikunja, rimu inayumba juu yake, na ukikata kona kuna sekunde kidogo ambapo usukani umeshageuka lakini tairi bado halijaamua. Kwenye lami kavu utahisi tu kama skuta imelewa. Kwenye lami yenye maji na vumbi, ndiyo ile hadithi ya binamu yangu.

Halafu kuna pancha. Ukigonga ukingo wa shimo au tuta na tairi legevu, mpira unabanwa kati ya lami na rimu, na tyubu inatobolewa matundu mawili yaliyokaa sambamba kama alama ya meno. Fundi akikuonyesha matundu mawili ya aina hiyo, usitafute msumari. Hakuna msumari. Ni upepo uliokosekana. Na kama hujawahi kubadilisha tyubu ya gurudumu la inchi 8 na nusu, muulize aliyewahi. Tairi ni gumu, rimu ni ndogo, ndani kuna mota yenye waya wake, na vidole vinatoka vimechubuka. Mafundi wengi wa nduthi hukataa hiyo kazi, na anayeikubali anakutajia bei ya kukufukuza.

Kwa hivyo kupima. Si kazi ya injinia.

Soma ubavu wa tairi. Utaona saizi, kwa mfano 8 1/2 x 2 au 10 x 2.5, na karibu na hapo utaona presha ya mwisho kwa psi, kwa kPa au kwa bar. Bar moja ni kama psi 14.5, na kPa 100 ni bar moja, kwa hivyo ukiona bar 3.1 hiyo ni 45 yako. Skuta nyingi za inchi 8 na nusu zenye tyubu hukaa vizuri kati ya 40 na 50. Zile za inchi 10 zenye matairi mapana mara nyingi huhitaji kidogo kuliko hapo, kwa hivyo usichukue namba yangu ukaipeleka kwa skuta ya mtu mwingine. Kijitabu kilichokuja na skuta kinasema, na kama ni mtumba kama yangu, tafuta kijitabu cha modeli yako mtandaoni. Usipite ile namba ya mwisho ya ubavuni hata kama fundi anakuambia tairi linaweza.

Uzito wako unahesabika. Msee wa kilo 55 anaweza kukaa chini kidogo ya hapo na akawa sawa, wa kilo 90 akae karibu na juu. Kama unabeba begi la mizigo ya watu mgongoni, jihesabu pamoja na begi. Na kwa sababu wengi wetu tunasimama tukiwa tumeegemea nyuma, tairi la nyuma hubeba zaidi, kwa hivyo mimi hulipa psi 2 au 3 zaidi ya la mbele.

Pima asubuhi, kabla hujaendesha, kabla jua halijaipiga. Joto linapandisha presha. Kwa tairi lenye 45, tofauti ya nyuzi 10 za joto ni karibu psi 2. Ukipima saa nane mchana skuta ikiwa imechomwa na jua nje ya duka, geji itakupa namba tamu, na alfajiri ya Julai, baridi ya Nairobi ikiwa imeingia kwa mifupa, namba hiyo haipo. Hapa niongeze kitu cha kufurahisha tu: ukijaza 45 ukiwa Mombasa halafu upande na skuta yako mpaka Nairobi, geji ya huku ingekusomea karibu 47 na nusu kama joto lingekuwa sawa, maana huku juu hewa ya nje inasukuma kidogo kuliko ya pwani. Ila joto si sawa. Baridi yetu inameza karibu ziada yote hiyo. Wasee wa Mombasa mtanisamehe, nimefurahia hiyo hesabu peke yangu usiku mmoja stima ikiwa imepotea.

Unapobandika geji kwa valvu utasikia "psss". Kwa gari sauti hiyo si kitu. Kwa tyubu ndogo kama yetu, psss moja inaweza kuondoka na psi nzima. Kwa hivyo jaza kupita kidogo unapotaka, ndipo upime, na usipime mara tano mfululizo ukishangaa kwa nini inashuka. Inashuka kwa sababu unaipima.

Valvu nyingi ni zile zile za gari, kwa hivyo pampu ya kawaida ya baiskeli yenye kichwa cha gari inaingia. Shida ni nafasi. Mota imejaa katikati ya gurudumu na kichwa cha pampu hakipiti. Kuna kipande kidogo kilichopinda kama kiwiko, ambacho mara nyingine huja ndani ya boksi la skuta na watu hukitupa wakidhani ni takataka za kiwandani. Usikitupe. Lakini usikiache kwa valvu ukianza safari, kinagonga vitu na kinavuja. Halafu rudisha kifuniko cha valvu, hata kama ni cha plastiki, maana vumbi likiingia pale ndani valvu haifungi vizuri. Kama unashuku inavuja, fanya vile mzee hufanya: mate kidogo kwa kidole, paka juu ya valvu. Povu likitokea, umempata mwizi. Kama mate yanakukera, maji ya sabuni yanafanya kazi ile ile.

Mara ngapi? Kila wiki. Si kila mwezi kama gari. Mpira wa tyubu hupitisha hewa polepole hata bila tundu lolote, na tyubu yako imebeba hewa kidogo sana, kwa hivyo kiasi kidogo kikipotea presha inashuka sana. Mimi nafanya Jumapili asubuhi, maji ya chai yakiwa jikoni. Chai haijawahi kuchemka kabla sijamaliza.

Utaniambia, si nipitie tu petroli stesheni, upepo uko pale. Pitia, lakini ujue unaingia wapi. Yule jamaa wa mpira amezoea gari. Atakuuliza "thate ama thate two?" na 30 ni namba ya gari, kwako wewe ni nusu ya safari. Hilo la kwanza. La pili, ile mashini husukuma hewa nyingi kwa haraka, na tyubu yako ni ndogo, kwa hivyo kati ya legevu na kupasuka kuna pumzi mbili tu. Kama lazima, mwambie abonyeze kidogo aachie, abonyeze aachie, na geji iwe yako. La tatu, mara mbili nimefukuzwa. Mara ya kwanza kwamba "hii si gari". Mara ya pili kwamba lazima ninunue mafuta ndipo nipewe upepo. Mafuta, kwa skuta ya stima. Nilicheka mpaka nikasahau kukasirika.

Na hapo nina jambo na wenye vituo. Huu mji unaongea kila siku kuhusu usafiri wa umeme. Nduthi za umeme zimejaa barabarani, vituo vya kubadilisha betri vinachipuka kila mahali, kila mtu anataka kupigwa picha akikata utepe. Ni sawa. Lakini nduthi ya umeme, skuta na baiskeli, zote bado zinakanyaga barabara kwa mpira uliojaa hewa, kama ile baiskeli ya magurudumu matatu ambayo daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alimfungia mwanawe matairi ya upepo kule Belfast, akapata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1888. Kama unaweza kuweka soketi ya kuchaji kwa stesheni yako, weka na mpira wa upepo ambao mtu wa magurudumu mawili ataruhusiwa kuushika. Tulipishe hata mbao. Hatujakataa kulipa, tumekataa kufukuzwa.

Wauzaji ndio wenye kesi kubwa zaidi. Nilipojua haya nilipigia simu maduka matatu yanayouza skuta mpya hapa Nairobi, nikijifanya mteja. Nikauliza inaenda kilomita ngapi. Wote walijibu kabla sijamaliza swali. Wawili waliniambia 30. Sasa, jua hiyo 30 inatoka wapi. Kwa modeli iliyozifanya skuta hizi ziwe maarufu, Xiaomi M365, ile 30 ya kwenye boksi ilipimwa na mtu wa kilo 75, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 15 kwa saa, kwenye joto la nyuzi 25. Hakuna tuta la Umoja ndani ya hiyo hesabu. Na mwenye kupima hakuwa na tairi la psi 16, nakuhakikishia.

Kisha nikauliza tairi linataka upepo kiasi gani. Wa kwanza alinyamaza, akasema ataniuliza fundi anipigie. Hajapiga. Wa pili alisema za kwao "hazihitaji upepo", na kwenye picha yao valvu inaonekana wazi. Wa tatu alinijibu kwa ukarimu kabisa: "Jaza tu hadi iwe ngumu, kaka."

Iwe ngumu. Kidole cha mzee wa baiskeli kimefinya matairi miaka thelathini, na bado yeye mwenyewe alitoa geji. Mimi nimejijaribu: nilifinya tairi nikasema 40, geji ikasema 27. Kidole kinaweza kukuambia tairi limekufa. Hakiwezi kukuambia kama liko 30 au 45, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utafika Umoja au utashukia Hamza.

Ninachodai kwa wauzaji si kikubwa. Namba moja, kwa herufi kubwa, kwenye kibandiko karibu na kitufe cha kuwasha, mahali ambapo macho yangu yanafika kila siku. Na geji ndani ya boksi. Mimi yangu niliinunua Grogan kwa mia sita, bei ya mtu mmoja asiyejua kubishana. Mwenye kununua mia kwa mpigo anapata kwa bei ya chini zaidi. Ukiniuzia kitu cha elfu arubaini unaweza kunitupia geji. Mnatupatia stika na kishikio cha simu, kwani geji imewakosea nini?

Najua kuna msee anasoma hapa akisema, mimi niliweka matairi yale magumu yasiyo na upepo, nikamaliza hiyo hadithi. Nimeyajaribu, ya rafiki yangu, kutoka Donholm mpaka Buruburu. Ni kweli pancha hazipo. Vilevile huna kitu kinachosimama kati ya shimo na goti lako, maana skuta nyingi za bei yetu hazina springi. Kila kokoto inakuja mpaka kwenye meno. Nati zinalegea, usukani unaanza kucheza, na kwenye lami yenye maji mpira mgumu unateleza haraka kuliko wenye upepo. Kama unazunguka tu ndani ya kiwanja cha kazi kilichosakafiwa, weka. Kwa Jogoo Road, hapana, mimi siwezi kukushauri hivyo.

Na kuna upande wa pili wa kosa, ambao nimeuona kwa wasee walioshika habari nusu. Umesikia upepo mwingi unaokoa chaji, ukajaza 65. Ndiyo, itateleza kama barafu, na kwa siku mbili utajiona fundi. Lakini sasa tairi linarukaruka, halikai chini, breki ikishika linaburuzika, na tyubu inasubiri tu siku ya jua kali. Namba ya ubavuni si pendekezo la kubishana nalo.

Fundi wa tao nilirudi kwake, kwa taarifa yako. Sikwenda kugombana. Nilimwambia betri imepona, akacheka, akauliza niliinunua wapi. Nilipomwambia ni upepo, alinyamaza kidogo, kisha akasema ukweli ambao naona nimtendee haki kwa kuuandika: mteja akija na skuta inayoisha chaji, anataka kusikia habari ya betri. Ukimwambia ni upepo wa shilingi 20 anaona humjui kazi, anaenda kwa mwingine. Sijui kama alikuwa anajitetea. Pengine alikuwa anajitetea. Lakini na sisi tujiangalie, maana mimi ndiye niliyeingia pale nikiwa nimeshasema "nadhani ni betri" kabla hajaigusa.

Binamu yangu amerudi kwa kazi, ingawa rasta ndogo ndogo bado anamwachia mwenzake, kifundo kinamuuma zikizidi saa mbili. Bado sijamaliza kumlipa zile wiki sita. Hajapanda skuta tena na sijamwomba.

Jumapili iliyopita nilibeba geji mpaka kwa mzee wa baiskeli, nikakaa hapo na chai kwa kopo, nikawa nampima kila aliyepita na skuta akikubali kusimama. Walikubali watano. Wa kwanza alikuwa na 33. Wa pili 21. Wa tatu 44, mwanadada mmoja wa kupeleka maua, alinionyesha pampu yake ndani ya begi akaendelea na safari zake. Wa nne alikuwa na yale magumu. Wa tano alikuwa na 18 nyuma na 14 mbele, na mfukoni alikuwa na karatasi ya bei ya betri, elfu kumi na mbili, aliyoandikiwa Ijumaa. Mzee alimwambia aikunje kwanza, akachukua pampu.